Ulipe kwa mwezi au kwa kila filamu? Hesabu ya mkazi wa Malindi na Kilifi

MVUVI wa Mayungu au Ngomeni hana tarehe ya mshahara. Kaskazi inapovuma na bahari kuwa shwari, nyumbani hapakosi chochote. Kusi inapochacha kuanzia mwezi wa Aprili, mashua hulala ufuoni siku nyingi na fedha huadimika.

Hali haitofautiani sana na ya wale wanaotegemea utalii mjini Malindi na Watamu. Msimu wa wageni unapomalizika na mvua za masika kuanza, baadhi ya hoteli hupunguza wafanyakazi, nao waendeshaji tuktuk na wauzaji vinyago hubaki wakihesabu siku.

Lakini kampuni zinazouza filamu, vipindi vya runinga na muziki kwa njia ya dijitali hazijui kusi wala kaskazi. Kalenda yao ni ya siku 30. Muda huo ukiisha bila malipo, picha hukatika, awe mteja alitazama kila usiku au hakutazama hata mara moja.

Ndipo linapozuka swali ambalo familia nyingi za Pwani hukabiliana nalo kila mwezi: je, ni heri kulipa ada moja na kutazama kila kitu, au kulipia kila filamu, kila mechi na kila wimbo kivyake?

Jibu halipatikani kwa kulinganisha bei mbili pekee. Linategemea ni mara ngapi mtu hutazama, gharama ya data, uthabiti wa kampuni yenyewe na, jambo ambalo wengi hulisahau, kiasi cha fedha kinachomfikia msanii.

LOJINGI NA NYUMBA YA KUPANGA

Mifumo hii miwili si migeni kwa yeyote aliyewahi kutafuta mahali pa kulala. Mgeni wa siku mbili mjini Kilifi hulipia chumba cha lojingi kwa usiku. Anayehamia kikazi hupanga nyumba na kulipa kodi kila mwezi.

Bei ya usiku mmoja lojingini huwa ghali ikilinganishwa na ya usiku mmoja katika nyumba ya kupanga. Hata hivyo, mgeni wa siku mbili angekodi nyumba kwa mwezi mzima angekuwa ametupa fedha zake. Naye mkazi wa mwaka mzima akilala lojingini atafilisika.

Ndivyo ilivyo kwa burudani. Ada ya mwezi humfaa anayetumia sana na mwenye kipato kisichoyumba. Malipo ya kimoja kimoja humfaa anayetumia kwa nadra au ambaye mapato yake hupanda na kushuka.

Kwa hakika, wakazi wa Pwani waliujua mfumo wa kulipia kimoja kimoja kitambo kabla ya intaneti. Kibanda cha video, ambapo mtazamaji hutoa shilingi chache mlangoni na kuketi kwenye benchi la mbao, ni mfumo huo huo. Mtu hulipia mechi moja, akaondoka bila deni.

Ni katika vibanda hivyo ambapo filamu za Kihindi, za Kichina na za Marekani zilipata watazamaji wasiojua lugha zake, wakisaidiwa na wasimulizi wa Kiswahili kama vile DJ Afro.

Linalovutia ni kwamba mwenye kibanda hugeuza mfumo mmoja kuwa mwingine. Yeye hulipa kwa mwezi, kisha huwauzia majirani mechi moja moja. Watu 60 wakitoa Sh30 kila mmoja, anakusanya Sh1,800 kwa mechi, ilhali hakuna hata mmoja kati yao ambaye angemudu king'amuzi na ada yake.

Ifahamike, hata hivyo, kwamba mkataba wa king'amuzi cha nyumbani hauruhusu maonyesho ya hadharani kwa malipo. Kuna vifurushi maalumu vya biashara, na anayeonyesha filamu kwa umma huhitaji leseni ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu nchini.

SAFARI YA BEI

Katika ulimwengu mpana, mifumo hii imekuwa ikipokezana. Mnamo Aprili 28, 2003, kampuni ya Apple ilifungua duka lake la muziki, iTunes, na kuuza kila wimbo kwa senti 99 za Marekani. Wakati huo wenye muziki walikuwa wakitapatapa baada ya mtandao wa Napster, ulioanza 1999, kuwazoesha vijana kupata nyimbo bure.

Netflix nayo ilianza kwa kukodisha DVD moja moja kwa njia ya posta mnamo 1998. Mwaka uliofuata ilianzisha ada ya mwezi, na mnamo 2007 ikaanza kuonyesha filamu kupitia intaneti. Iliingia Kenya Januari 6, 2016, siku ilipofungua milango katika nchi zaidi ya 130 kwa mpigo.

Spotify, iliyoanza Uswidi mnamo 2008, ilifika Kenya Februari 2021. Kufikia 2023, zaidi ya thuluthi mbili ya mapato yote ya muziki uliorekodiwa duniani yalitokana na kusikiliza kwenye intaneti, sehemu kubwa ikiwa ni ada za mwezi.

Kwa nini kampuni zikaelemea upande huo? Sababu ya kwanza ni kwamba nakala moja zaidi ya filamu ya dijitali haigharimu karibu chochote. Kanda au sahani ya DVD ilihitaji kutengenezwa, kusafirishwa na kuwekwa rafuni. Faili haihitaji hayo.

Sababu ya pili huonekana vyema kwa mfano. Chukua majirani wawili wa mtaa wa Shela, Malindi. Wa kwanza yuko tayari kutoa Sh80 kwa filamu na Sh20 kwa nyimbo za taarab. Wa pili ni kinyume: Sh20 kwa filamu na Sh80 kwa taarab.

Muuzaji akiuza kila kimoja kwa Sh80, atapata Sh160, nao majirani watakosa kile kingine. Akiuza kila kimoja kwa Sh20 ili wote wanunue vyote viwili, atapata Sh80 pekee. Lakini akivifunga pamoja na kuuza furushi kwa Sh100, wote wawili watanunua, atapata Sh200, na hakuna atakayekosa kitu.

Hiyo ndiyo nguvu ya kifurushi. Ubaya wake ni kwamba mtu wa tatu, anayependa filamu tu kwa Sh80 na asiyetaka taarab hata kidogo, hufungiwa nje. Huyo ndiye anayelalamika kwamba analipia stesheni 60 ilhali anatazama nne.

Sababu ya tatu ni usahaulifu wa binadamu. Malipo yanayojirudia yenyewe huendelea hata mteja anapokuwa amekoma kutumia huduma. Wengi hugundua baada ya miezi kwamba wamekuwa wakikatwa fedha kwa kitu wasichokikumbuka.

HESABU YA MTEJA

Mteja anaweza kujua upande unaomfaa kwa kugawanya ada ya mwezi kwa bei ya kimoja. Tuseme ada ni Sh300 na filamu moja huuzwa Sh50. Sita ndiyo mizani. Anayetazama filamu kumi kwa mwezi amelipa Sh30 kwa kila moja, na amefaidi. Anayetazama mbili amelipa Sh150 kwa kila moja, na amekula hasara.

Kosa la wengi ni kukadiria kwa mwezi mzuri. Anayefanya kazi hotelini Watamu asihesabu kwa Disemba pekee, wala mvuvi asihesabu kwa Januari. Hesabu ya haki ni ya mwaka mzima, ikijumuisha miezi ambayo huduma italipiwa bila kutumiwa au itakatika kwa kukosa ada.

Kuna pia gharama ambayo haiandikwi kwenye tangazo: data. Kutazama video ya ubora wa kawaida kunaweza kumeza hadi gigabaiti moja kwa saa, na ya ubora wa juu hadi gigabaiti tatu. Mwenye intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo haoni uzito huo. Lakini anayenunua bando la siku kwenye simu kule Marafa au Ganze huenda akatumia fedha nyingi kwa data kuliko kwa filamu yenyewe.

Kwa muziki, tofauti ni dhahiri zaidi. Wimbo wa dakika nne katika ubora wa wastani ni kama megabaiti tano. Anayeupakua mara moja hutumia megabaiti hizo mara moja tu. Anayeusikiliza moja kwa moja kwenye intaneti mara 100 anaweza kutumia megabaiti 500 kwa wimbo ule ule.

Huduma kadhaa huwaruhusu wanaolipa kupakua nyimbo au filamu na kuzitumia bila intaneti. Mwenye kulipa ada ya mwezi asiyeitumia nafasi hiyo hulipa mara mbili pasi na kujua.

Kilio cha vitu vinavyoisha muda si kigeni kwa Wakenya. Malalamishi kuhusu bando zinazokufa kabla ya kutumika yalitangulia hatua ya Safaricom, mnamo Oktoba 2019, ya kuanzisha data isiyo na tarehe ya mwisho. Hoja ya wateja ilikuwa ile ile ya mvuvi: nilicholipia kinisubiri hadi nikihitaji.

KAMPUNI IKIFUNGA

Kulipa mapema kuna hatari yake. Runinga ya GTV iliingia sokoni mnamo 2007 kwa kishindo, ikiwa na haki za kuonyesha sehemu kubwa ya mechi za Ligi Kuu ya Uingereza kwa bei nafuu kuliko washindani. Mwishoni mwa Januari 2009 ilifungwa ghafla baada ya kuishiwa na fedha.

Wateja katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, walibaki na madishi juu ya paa na ving'amuzi visivyoonyesha kitu. Waliokuwa wamelipia miezi ya mbele ndio walioumia zaidi. Tangu hapo wengi walijifunza kutolipa kwa mwaka mzima hata wanapoahidiwa punguzo.

Basi, je, kununua kimoja kimoja ni salama zaidi? Si lazima. Faili iliyopakuliwa na kuhifadhiwa kwenye kifaa cha mnunuzi ni mali iliyo mikononi mwake. Lakini filamu "iliyonunuliwa" na kubaki kwenye hifadhi ya kampuni ni ruhusa ya kuitazama, na ruhusa inaweza kuondolewa.

Huduma ya UltraViolet, iliyohifadhi filamu za wanunuzi wengi Marekani na kwingineko, ilifungwa Julai 2019. Mnamo 2024, jimbo la California lilipitisha sheria inayozuia maduka ya dijitali kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja wazi kwamba anapata leseni tu. Sheria hiyo ilianza kutekelezwa 2025.

Aidha, bei nafuu ya leo si ahadi ya kesho. Netflix ilianzisha mpango wa bure kwa simu za Android nchini Kenya Septemba 2021, kisha ikaufuta Novemba 2023. Mapema mwaka huo huo ilikuwa imepunguza ada zake katika nchi nyingi, Kenya ikiwa miongoni mwazo.

MSANII ANAPATA NINI?

Suala la nani apate fedha na kwa njia gani lilifikishwa Malindi kwenyewe. Mnamo Novemba 2016, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kesi iliyohusu kifungu cha 30A cha Sheria ya Hakimiliki, na huduma ya Safaricom ya Skiza, ambayo mteja hulipia wimbo unaosikika na anayempigia simu.

Kifungu hicho kilikuwa kimeingizwa katika sheria mnamo 2012. Kilitaka malipo ya waimbaji na watayarishaji wa muziki unaotumiwa hadharani yapitie vyama vinavyokusanya mirabaha kwa niaba yao. Walalamishi walipinga kulazimishwa kupitia vyama hivyo badala ya kulipwa kwa mujibu wa mikataba yao.

Mahakama ya Malindi ilikubaliana nao na kukitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba, ikieleza kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo kilipotungwa. Mwaka huo huo Mahakama Kuu jijini Nairobi, katika kesi nyingine, ilikuwa imekataa kukibatilisha.

Kiini cha mvutano huo ndicho kiini cha makala haya. Wimbo wa Skiza hununuliwa mmoja mmoja, hivyo yawezekana kujua shilingi ipi ni ya wimbo upi. Fedha zikimiminwa katika chungu kimoja, mgao hutegemea kanuni ya anayegawa.

Bunge lilirejea suala hilo mnamo 2022. Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka huo yaliweka mgao wa mapato ya nyimbo za simu: msanii au mwenye hakimiliki asipate chini ya asilimia 52, kampuni ya simu isizidi asilimia 39.5, naye wakala anayesambaza maudhui asizidi asilimia 8.5. Kwa maneno mengine, katika kila Sh100, angalau Sh52 ni za mwenye wimbo.

Katika ada ya mwezi, mambo huwa tofauti. Kampuni nyingi za muziki hukusanya ada zote, hubakisha takriban thuluthi moja, kisha hugawa zinazosalia kulingana na idadi ya mara ambazo kila wimbo umechezwa na watu wote kwa jumla.

Tuseme kuna wateja wawili tu, kila mmoja akilipa Sh300. Baada ya kampuni kuchukua thuluthi yake, Sh400 zinabaki kwa wenye nyimbo. Mteja wa Mtwapa anasikiliza mwimbaji mmoja wa Kigiriama pekee, mara 20 kwa mwezi. Mwenzake anasikiliza nyota wa ng'ambo mara 980.

Kwa hesabu ya chungu kimoja, mwimbaji wa Kigiriama ana sehemu 20 kati ya 1,000, yaani Sh8. Zile Sh192 nyingine kutoka kwa shabiki wake wa Mtwapa zinaenda kwa nyota ambaye shabiki huyo hajawahi kumsikiliza.

Ingetumiwa njia ya kugawa ada ya kila mteja kwa wale anaowasikiliza tu, mwimbaji huyo angepata Sh200. Mtandao wa SoundCloud ulianza kutumia njia hiyo kwa baadhi ya wasanii mnamo 2021, lakini kampuni kubwa zaidi hazijaifuata.

Isitoshe, tangu 2024 Spotify hailipi wimbo ambao haujafikisha angalau mara 1,000 za kuchezwa katika muda wa miezi 12. Kwa nyota wa kimataifa hicho ni kiwango cha dakika chache. Kwa anayeimba kwa Kigiriama, Kichonyi au Kibajuni, mashabiki wake wakiwa vijiji kadhaa, ni mlima.

Ndiyo maana baadhi ya wasanii wa mashinani wangali wanategemea arusi, sherehe na nakala wanazouza wenyewe. Shabiki mmoja akinunua wimbo kwa Sh50 kutoka kwa msanii kupitia M-Pesa, msanii amepata zaidi ya alichopata kwa kusikilizwa mara 20 na shabiki wa Mtwapa katika mfano ule.

NJIA YA KATI

Soko la Kenya limezaa njia ya tatu: ada ndogo ya muda mfupi. Viusasa, iliyozinduliwa 2017, iliuza maudhui ya humu nchini kwa ada zilizoanzia Sh10 kwa siku. StarTimes nayo ilianzisha malipo ya siku na ya wiki kando na ya mwezi.

Njia hii imewezekana kwa sababu ya M-Pesa, iliyoanza 2007 na kufanya malipo ya shilingi kumi yawe na maana kwa muuzaji. Mwenye kipato cha kibarua anaweza kulipia Jumamosi na Jumapili, akaacha siku nyingine zipite.

Hata hivyo, kidogo kidogo hujaza kibaba, na hicho kibaba huwa cha muuzaji. Sh10 kila siku ni Sh300 kwa mwezi. Huduma ya siku ina faida iwapo tu kuna siku ambazo mteja hailipii.

Kwa familia inayopanga matumizi yake, maswali manne yanatosha. La kwanza: mwaka uliopita, ni miezi mingapi huduma hii ilitumika kweli? La pili: ukijumlisha data, kila filamu au mechi iligharimu kiasi gani? La tatu: malipo yanaweza kusitishwa msimu mbaya ukifika, na kurejeshwa bila adhabu? La nne: je, kilicholipiwa kitabaki kampuni ikiondoka?

Mwenye mshahara, intaneti ya nyumbani na watoto wanaotazama kila siku ataona kwamba ada ya mwezi ndiyo nafuu. Mvuvi wa Ngomeni anayetaka mechi ya Jumapili tu bado atapata thamani zaidi kwenye benchi la kibanda au kwa malipo ya siku moja.

Kwa anayempenda mwimbaji wa kwao, hesabu ina safu moja zaidi. Ada ya mwezi itamletea nyimbo za dunia nzima kwa bei nafuu, lakini kumnunulia msanii huyo wimbo wake mmoja, au kuuweka kwenye simu yake kama Skiza, ndiko kutakakohakikisha kwamba shilingi iliyotoka Kilifi imerudi Kilifi.